Pentax K1000 kwa maua ya msituni wakati wa machipuko: bodi bei chee, lenzi ndio shughuli

Wakuu, hii ni review ya Pentax K1000, kamera ya mkanda ya zamani, na naiangalia kwa kazi moja tu: maua ya msituni ya huku Uingereza, yale yanayotoka kuanzia Machi mpaka Mei kabla miti haijafunga majani juu. Za harusi na za mitaani review zipo kibao, ila ya mtu aliyelala kifudifudi kwenye majani makavu na hii mashine, tena kwa Kiswahili, sijaiona popote. Mi naikubali, nasema mapema. Ila ukiinunua na ile lenzi inayokuja nayo ukadhani umemaliza, utarudi nyumbani na picha za msitu, maua utayatafuta kwa tochi.

Kwa wasioijua, ilianza kuuzwa 1976 ikaendelea hadi 1997, zikatoka zaidi ya milioni 3, na vyuo vingi vya picha vilikuwa vinawaambia wanafunzi waanze na hii. Kila kitu ndani ni chuma na springi. Hamna outo ya aina yoyote, unachagua spidi mwenyewe, unachagua tundu la lenzi mwenyewe, unazungusha fokasi mwenyewe, basi. Betri ni moja, LR44, ile ndogo ya kikokotoo, na kazi yake ni mita ya mwanga peke yake, kwahiyo hata ikizima ukiwa katikati ya pori shata inaendelea kupiga spidi zote kuanzia sekunde 1 mpaka 1/1000. Ni kama ile baiskeli ya Phoenix ya babu, haina mbwembwe na fundi yeyote anayejua kazi yake anaifungua na kuifunga. Uzito ni gramu 620 hivi bila lenzi, shingoni unausikia ukishatembea saa mbili.

Yangu nilichukua kwa muuzaji wa mtandaoni, pauni mia na ushee ikiwa na lenzi ya 50mm f/2 (hiyo f ni tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), tangazo limeandikwa imekaguliwa na inafanya kazi vizuri kabisa, imefika nafungua mlango wa nyuma sponji za kuzuia mwanga zimeoza zinanata vidoleni. Mwanga ungepenya pale mkanda wote unapata michirizi myekundu. Sponji mpya ni pauni chache na unabandika mwenyewe kwa subira, lakini neno imekaguliwa usiliamini hata kidogo, omba picha ya mlango ukiwa wazi, na omba amulike tochi kupitia lenzi uone kama kuna kuvu. Kuvu inaonekana ka nyuzinyuzi za buibui, na lenzi iliyokaa kabatini kwenye nyumba yenye unyevu karibu lazima iwe nayo. Sisi wa pwani hilo tunalijua vizuri. Kingine, zile za mwanzo zilizotengenezwa Japani zina neno Asahi pale juu mbele, za baadaye ziliunganishwa Hong Kong halafu China zikaanza kuwa na plastiki zaidi, na ndio maana wauzaji wanalitaja hilo neno Asahi kwa sauti kubwa na kuongeza bei. Kwa maua haina tofauti yoyote, chukua iliyo nzima.

Haya, lenzi. Hii 50mm f/2 inasogea karibu mwisho sentimita 45, na kwa umbali huo fremu yako inabeba eneo linalozidi kidogo karatasi ya A5. Sasa ua la anemone lile jeupe la msituni lina upana wa sentimita 3 hivi, linakuwa kitone katikati ya majani makavu. Unachohitaji ni SMC Pentax-M 50mm f/4 Macro, hii inasogea mpaka ua linatoka kwenye negativu kwa nusu ya ukubwa wake halisi, yaani fremu nzima inabeba milimita 48 kwa 72. Hapo unaona vumbi la ua, yaani chavua. Tatizo ni bei, inaweza kukutoka pesa inayokaribia ile ya bodi, na f/4 inafanya dirisha la kuchungulia liwe na giza ukiwa chini ya miti. Kama hela haijakaa sawa, nunua kioo cha kukuza cha kufunga mbele ya lenzi, saizi 49mm, kinaingia kwenye 50mm f/2 bila shida, pembeni picha inalegea kidogo lakini katikati iko poa na kwa maua katikati ndio kunakohusika. Zile pete za kurefusha lenzi za bei rahisi mi sizipendi, nyingi hazina ule mkono wa kufungua tundu la lenzi, unachungulia gizani unabaki kukisia.

Watu wanaisifu hii kamera kwa sababu ni rahisi. Kwangu mimi sifa yake kubwa ni mshale wa mita. Upande wa kulia wa dirisha kuna mshale mmoja, ukikaa katikati mwanga uko sawa, ukipanda umezidi, ukishuka umepungua, hamna namba wala taa zinazowaka. Na kwa kuwa mita inasoma mwanga uliopita kwenye lenzi yenyewe, ukisogea karibu na ua na lenzi ya macro mwanga unapungua zaidi kidogo ya stopu moja (stopu moja ni mwanga kupungua nusu au kuongezeka mara mbili) na mshale unakuonyesha hilo palepale, huna haja ya kupiga hesabu.

Ila mshale ni mjinga, lazima umjue. Unadhani dunia nzima ina rangi ya kijivu. Ukijaza fremu na anemone nyeupe, ukaweka mshale katikati, ua linatoka na rangi ya shuka iliyofuliwa na maji ya mto. Ongeza stopu moja, hata moja na nusu, mkanda wa negativu wa rangi hauna noma na mwanga uliozidi. Hali ikiwa kinyume, kiua kimoja cheupe kwenye majani meusi yaliyooza, mita inaona giza tu inakwambia fungua, na petali zinaungua zinabaki doa. Hapo punguza moja. Mi siku hizi naelekeza kamera kwanza kwenye majani mabichi ya wastani yaliyo kwenye mwanga uleule, naweka mshale katikati, narudi kwenye ua, naongeza ile stopu moja ya macro, napiga. Afu angalizo lingine, seli ya mita ni ya aina ya zamani, CdS, ukitoka kuielekeza mbinguni ukairudisha kivulini mshale unasinzia kwanza ndio unafika, mpe sekunde kadhaa. Na kamera haina swichi ya kuzima mita! Mwanga ukiingia kwenye lenzi betri inatumika, kwahiyo mfuniko wa lenzi ndio swichi yenyewe, ukiuacha nyumbani betri imekwenda.

Mwanga wa msituni Aprili ni kitu kingine kabisa ukilinganisha na wa kwetu. Miti ya beech bado mitupu, jua linafika mpaka chini, na haya maua yanajua. Yanatoka haraka, yanachanua, yanatengeneza mbegu, na ikifika mwisho wa Mei majani ya miti yamefunga juu na maua yameshamaliza kazi. Kwahiyo mpiga picha una wiki chache za mwanga mzuri, na katika hizo kuna siku za mvua, siku za upepo, na siku ambazo uko kazini. Mvua ikinyesha au kukiwa na wingu zito anemone inajifunga na kuinamisha kichwa, ukienda na mawingu utapiga vichwa vilivyoinama siku nzima (ni picha nzuri pia, upande wa nyuma wa petali una rangi ya waridi kidogo ambayo ukiwa umesimama huioni). Bluebell, lile ua la bluu lenye umbo la kengele, lenyewe halijali mawingu, tena mi naipenda zaidi bila jua kali, manake jua likipita kwenye matawi unapata madoa meupe kila mahali na hakuna mkanda unaoyameza.

Kwa mkanda wa ISO 200 (namba hii ikiwa kubwa mkanda unanasa mwanga haraka zaidi) siku ya mawingu, f/8, lenzi ya macro ikiwa karibu, mshale unanipa 1/15 au chini ya hapo. Mkono haushiki hiyo. Na hapa ndipo K1000 inapoonyesha umaskini wake, haina kifaa cha kunyanyua kioo cha ndani mapema, kioo kinapiga paa! kamera nzima inatetemeka, na haina hata ule muda wa kujipiga mwenyewe ambao kamera nyingine za wakati wake zilikuwa nao. Kitufe kina tundu la hesi la kufunga waya wa kufyatulia, ununue, ni hela ndogo. Tripodi nyingi hazishuki chini ya kutosha, anemone ina urefu wa sentimita 15 hivi, kwahiyo mi natumia mfuko wa kitambaa wenye kilo moja ya maharage, naukandamiza chini, kamera inalala juu yake imetulia, na kioo kikipiga maharage yanameza mtetemo. Shida ni jicho lako sasa, lazima lifike kwenye dirisha, maana yake na wewe uko chini, shavu kwenye tope. Kuna kidude cha kuchungulia kwa pembe kinachofungwa kwenye dirisha, kama mgongo unasumbua kitafute. Vaa suruali ndefu uiingize ndani ya soksi, kupe wapo kwenye hii misitu na wanaambukiza ugonjwa wa Lyme, ukirudi jikague.

Jambo jingine linalonikera ni kwamba hamna kitufe cha kukuonyesha sehemu gani itatoka kali. Unachungulia lenzi ikiwa wazi kabisa, picha inapigwa ikiwa imefungwa, kwahiyo unachokiona sicho utakachopata. Kwenye macro hii sio kero ndogo. Kwa nusu ya ukubwa halisi na f/8, sehemu kali ni milimita 3 tu, chini ya unene wa kidole chako kidogo, f/16 inafika 6 hivi. Bluebell moja ina kengele yenye ncha zilizojikunja kwenda nje, ukifokasi kwenye ncha ya mbele, vumbi lililo ndani limeshapotea. Wazee wana ujanja wao, unabonyeza kitufe cha kutoa lenzi unaizungusha kidogo tu kama unataka kuitoa, ule mkono unaachia na tundu linafunga, unaona kina halisi cha sehemu kali, halafu unairudisha mpaka ilie. Inafanya kazi vizuri, ila fanya ukiwa umeshika lenzi kwa mkono mzima, usije ukaiona inabingirika kwenye tope.

Hiyo ya vumbi la ndani nimeitaja makusudi. Bluebell ya asili ya huku inainamisha kichwa upande mmoja, ina harufu nzuri, na vumbi lake ni jeupe la maziwa. Ile ya Kihispania iliyotoroka kwenye bustani za watu inasimama wima, harufu yake hafifu mno, na vumbi lake mara nyingi ni la bluu. Kwa macho ukiwa umesimama unaweza kuchanganya, kwenye negativu ya macro hamna ubishi, na sasa mi kila nikifika sehemu mpya picha ya kwanza ni ya ndani ya kengele.

Rangi sasa, maana hapa ndipo wengi wanalia. Unapiga bluebell za bluu, mkanda unarudi zambarau, mara nyingine kama waridi. Watu wanawalaumu waliosafisha mkanda, wanailaumu lenzi, wanailaumu kamera. Kamera haina kosa. Kuna maua ya bluu yanayorudisha mwanga mwingi mwekundu wa mwisho kabisa, ule ambao jicho letu haliuoni vizuri lakini mkanda unauona, kwahiyo mkanda unaongeza wekundu usiouona wewe, bluu plus nyekundu ndio hiyo zambarau yako. Ni jambo la zamani, wataalamu wa mikanda wanalijua miaka na miaka. Unaweza kulipunguza. Usipige jua likiwa linakaribia kutua na kila kitu kina wekundu, piga kivulini au kwenye wingu jepesi, na ukipeleka kusafisha waambie wasikuwekee marekebisho ya outo wakati wa kuskani, kwa sababu programu ikiona fremu nzima ya bluu inadhani kuna kosa inaisahihisha. Mi naskani mwenyewe, naivuta bluu irudi polepole nikiangalia majani, yakishaanza kuwa ya ajabu najua nimezidisha. Haitakuwa ileile uliyoiona. Kama unataka bluu ya bluebell kwa uhakika piga na simu, sikudanganyi.

Mikanda niliyotumia: Kodak Gold 200 ndio ya bei nafuu na ina joto fulani zuri kwa maua ya njano, ile celandine inayong'aa utadhani imepakwa mafuta inatoka safi sana. Portra 400 ni ghali ila ndio inayokupa nafasi ya kufunga lenzi f/11 bila kulala msituni. Ektar 100 nzuri juani, kivulini inaegemea bluu na iko taratibu mno kwa kazi hii. Na usidharau nyeusi na nyeupe, Ilford HP5 Plus inayotengenezwa Mobberley, Cheshire, hapahapa Uingereza, kwa kangaga wanaojikunjua mwezi wa nne haina mpinzani, ule mkunjo wenye manyoya ya kahawia unatoka na vivuli vyake vyote, na huna ugomvi wa rangi na mtu.

Gharama lazima nizitaje. Mkanda mmoja wa rangi wa bei nafuu ni karibu pauni 10, kusafisha na kuskani ni kama hiyohiyo au zaidi, gawa kwa picha 36 unakuta kila ukibonyeza ni zaidi ya nusu pauni. Shemeji yangu alinikuta nahesabu akaniuliza, "Shem, si una simu ya laki kadhaa hapo mfukoni, inapiga maua mpaka inakutajia na jina?" Nikamwambia kweli shem, inanitajia jina, ndio maana sikumbuki hata moja. Akacheka akasema sawa, lakini hela ya mkanda usiniombe.

Mahali pa kuanzia kama uko London au huku kwetu Luton ni Ashridge, msitu mkubwa wa National Trust (shirika la kuhifadhi maeneo ya asili na ya kihistoria) mpakani mwa Hertfordshire na Buckinghamshire, karibu na Tring na Berkhamsted. Dockey Wood ndio maarufu kwa bluebell, na wikiendi za msimu wamekuwa wakitoza kiingilio kidogo, pakijaa pamejaa. Nenda asubuhi sana siku ya kazi, upepo bado haujaamka. Kaa kwenye njia. Hii sio ustaarabu tu, bluebell iliyokanyagwa majani inachukua miaka kurudi, na kuchimba vitunguu vyake vya ardhini inavyoota navyo, bila ruhusa ya mwenye ardhi, ni kosa la jinai chini ya sheria ya wanyama na mimea pori ya 1981 (Wildlife and Countryside Act). Anemone nayo inatambaa chini kwa mizizi kama mita 2 kwa miaka mia, kwahiyo ukikuta imetanda eneo zima jua uko kwenye msitu wa zamani sana, na goti lako moja linaweza kuharibu kazi ya miongo. Hapa ndipo lenzi ya macro yenye urefu mkubwa zaidi, ile ya 100mm, ingefaa kuliko yangu, unapiga kutoka pembeni ya njia bila kuinama juu ya maua. Natafuta moja. Bei zake sizipendi.

Kwa maksi mi naipa bodi 7 kwa 10 kwa kazi hii, imekosa zaidi kwenye kile kitufe cha kina na ule mtikisiko, lenzi ya macro naipa 9. Kama una hela kidogo zaidi, angalia Pentax KX au MX ambazo zinatumia lenzi hizihizi na zina namna ya kukuonyesha kina, ila K1000 ndio utakayoipata kirahisi na mafundi wake bado wapo.

Mwisho kwa wanaosafiri, manake najua kuna mtu ataniuliza. Mkanda uliobaki niliubeba mpaka Tanga, nikaumalizia Amani kule Usambara Mashariki kwenye yale maua madogo ya zambarau ya porini ambayo huku wanauza supamaketi kwenye vikopo, wanayaita African violet, kumbe kwao ni kwenye miamba ya kwetu kivulini. Lenzi ileile, mfuko wa maharage uleule. Uwanja wa ndege usikubali mkanda upite kwenye zile mashine mpya za CT za kukagua mizigo, zinauharibu hata kama haujapigwa, na kwenye begi linaloenda chini ya ndege usiuweke kabisa. Weka mikanda kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, itoe mwenyewe kabla hujaulizwa, omba wakague kwa mkono. Ukikutana na asiyejua mkanda ni nini muonyeshe kisanduku kimeandikwa ISO, na fika mapema manake anaweza kwenda kumuita bosi wake.